Sindano, sarafu, uzi au pilipili manga: uchague jaribio lipi la mvutano wa uso wa maji?

Karibu majaribio haya yote yanahitaji maji, chombo na tone la sabuni, na yote hutajwa kwa jina moja, lakini hayafundishi jambo moja. Sindano inayokaa juu ya maji inaonyesha kwamba uso wa maji unaweza kubeba mzigo. Pilipili manga inayokimbilia ukingoni inaonyesha jambo jingine kabisa: mvutano ukipungua mahali pamoja, mahali pengine panashinda. Sarafu iliyojazwa matone inakupa namba. Maziwa yenye rangi yanapendeza macho kuliko yote, na ndiyo magumu kuliko yote kuyaeleza kwa usahihi. Basi usianze kwa kuuliza lipi linapendeza. Anza na swali unalotaka mtazamaji aondoke akiwa na jibu lake.

Msingi wake ni huu. Molekuli iliyo ndani ya maji huvutwa na jirani zake kutoka kila upande. Iliyo juu kabisa imepungukiwa na jirani upande wa hewa, na kuiweka pale kunahitaji nishati. Kwa hiyo maji hujikusanya yawe na uso mdogo iwezekanavyo. Nguvu inayotokana na hali hiyo ndiyo mvutano wa uso, nayo hupimwa kwa kila mita ya urefu: kwa maji safi yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi ni milinyutoni 72.8 kwa mita (milinyutoni ni sehemu ya elfu ya nyutoni, kipimo cha nguvu). Ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida, ina takriban 22. Maji yaliyotiwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hushuka hadi kati ya 25 na 35. Joto nalo hupunguza, ila kidogo: kwenye nyuzi 50 bado kuna karibu 68, na maji yanayochemka yana karibu 59. Ukitaka tofauti inayoonekana kwa macho, tegemea sabuni, usitegemee birika.

Maelezo kwamba maji yana “ngozi” husaidia kwa dakika moja, kisha hupotosha. Utando wa mpira ukivutwa hukaza zaidi kadiri unavyonyooka. Uso wa maji safi ukipanuliwa haukazi zaidi, kwa sababu molekuli nyingine hupanda kutoka chini na kujaza nafasi.

| Jaribio | Linachoonyesha hasa | Muda | Namba | Kinacholiharibu mara nyingi |
|---|---|---|---|---|
| Sindano juu ya maji | Uso unabeba kitu kizito kuliko maji | Dakika 5 | Hapana | Mabaki ya sabuni au mafuta |
| Matone juu ya sarafu | Tofauti ya mvutano kati ya vimiminika | Dakika 20 | Ndiyo | Ukubwa wa matone kutolingana |
| Glasi iliyojaa kupita ukingo | Uso unazuia maji kumwagika | Dakika 10–15 | Kiasi | Ukingo uliolowa |
| Kitanzi cha uzi | Mvutano huvuta sawa kila upande | Dakika 5 | Hapana | Uzi mgumu |
| Pilipili manga | Tofauti ya mvutano husogeza maji | Dakika 2 | Hapana | Kurudia katika maji yale yale |
| Mashua ya sabuni | Tofauti hiyo hiyo ikisukuma kitu | Dakika 10 | Kidogo | Chombo kidogo |
| Maziwa yenye rangi | Mwendo wa muda mrefu | Dakika 5 | Hapana | Maziwa baridi |

Kwanza usafi, kwa sababu ndiko wengi wanakokwama

Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, alichunguza nyuso za maji jikoni kwake bila maabara yoyote. Barua yake kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ya mwaka 1891 ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka huo huo. Chombo chake kilikuwa hori la bati lenye urefu wa sentimita 70, likijazwa maji hadi ukingoni, na ukanda wa bati uliolazwa juu yake kwa upana ukigusa uso wa maji. Kwa kuusogeza ukanda huo aliweza kuufagia uchafu wote upande mmoja na kubaki na uso safi upande mwingine.

Mbinu hiyo hiyo inakufaa. Kata ukanda wa karatasi safi wenye upana sawa na wa trei yako, uburute juu ya maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha uutupe. Mafuta na vumbi vilivyoelea huondoka nao. Vyombo vioshwe kwa sabuni mapema, halafu visuuzwe kwa maji ya moto mara nne au tano hadi visiteleze hata kidogo. Chagua kioo au kauri. Plastiki iliyowahi kuwekewa chakula chenye mafuta haisafishiki vya kutosha, na ndiyo sababu ya kawaida ya sindano kuzama bila maelezo.

Sindano: ushahidi mzito zaidi kwa jicho

Tafuta bakuli la kioo lenye kina cha sentimita 3 au zaidi, sindano ya kushonea ya chuma yenye unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, na kipande cha tishu kinachoizidi sindano kidogo. Tishu yenye tabaka mbili itenganishe, utumie moja tu. Ilaze juu ya maji, kisha weka sindano kavu katikati. Tishu italowa na kuanza kushuka. Ikikawia, sukuma pembe zake chini kwa kijiti cha meno bila kuigusa sindano. Kwa kawaida ndani ya dakika moja tishu inakuwa chini na sindano imebaki juu.

Je, uso una nguvu kiasi gani? Sindano ya urefu wa milimita 40 na unene wa milimita 0.7 ina gramu 0.12 hivi, yaani inakandamiza kwa milinyutoni 1.2. Maji huishika kwenye pande zake mbili ndefu, jumla milimita 80, na uwezo wa juu wa uso kwa urefu huo ni milinyutoni 5.8. Ni karibu mara tano ya mzigo. Ndiyo maana sindano nyembamba inavumilia mkono usiotulia, ilhali msumari hauvumilii lolote: ukiongeza unene mara mbili, uzito unaongezeka mara nne lakini urefu wa kushikilia haubadiliki. Kwa chuma, mpaka wa hesabu ni unene wa milimita 1.5 hivi. Kwa vitendo usivuke 1.

Mtazamaji mmoja atasema sindano inaelea kama boti. Mjibu kwa kuizamisha kwa ncha ya kidole: haitarudi juu. Maji yanayohamishwa na mwili wa sindano yana takriban sehemu moja ya nane ya uzito wa chuma hicho, kwa hiyo ikishazama hakuna cha kuipandisha. Kisha weka bakuli juu ya karatasi nyeupe chini ya taa moja. Kivuli cha sindano chini ya bakuli kitakuwa kipana kuliko sindano yenyewe, na kingo zake zitang’aa, kwa sababu uso uliobonyea hupinda mwanga. Hapo mbonyeo usioonekana vizuri kwa macho unajidhihirisha.

Sasa chovya kijiti kwenye sabuni na ugusishe maji sentimita 3 au 4 kutoka kwenye sindano. Sindano husogea mbali, kisha huzama. Maelezo ya kawaida ni kwamba sabuni “imevunja” mvutano. Si kweli. Umebaki zaidi ya theluthi, na kwa hesabu ya hapo juu kiasi hicho peke yake kingeweza bado kuibeba sindano hii. Kinachoizamisha zaidi ni kwamba maji yenye sabuni huweza kukilowesha chuma. Hupanda juu ya mgongo wa sindano, mistari miwili iliyokuwa ikiishika hukutana, na sindano imekwisha. Mwalimu anayeijua tofauti hii ataepuka swali gumu mwishoni.

Kuhusu kupaka sindano mafuta: mafuta ya ngozi yanayobaki baada ya kuipitisha kati ya vidole yanatosha. Ukiichovya kwenye mafuta ya kupikia, mafuta husambaa juu ya maji na kupunguza mvutano ule ule unaoutegemea.

Klipu ya karatasi inaweza kuchukua nafasi ya sindano kwa watoto, maana haichomi. Kunja klipu ya pili iwe na umbo la L, ipakatie ya kwanza, ishushe kwa usawa hadi iguse maji, kisha teremsha kishikio polepole. Ikitangulia ncha, itazama papo hapo.

Sarafu: chaguo la anayetaka namba

Kwa mradi wa shule au maonyesho ya sayansi, chagua hili. Mengine mengi hutoa jibu la ndiyo au hapana tu. Hili hutoa kipimo unachoweza kurudia, kupatia wastani na kuchora grafu yake.

Osha sarafu kwa sabuni, isuuze sana, ikaushe, na kuanzia hapo ishike kwa kingo tu. Iweke juu ya sehemu iliyo sawa kabisa. Dondoshea maji kwa dropa ya dawa kutoka kimo cha sentimita 1. Ukidondosha kutoka juu zaidi, kishindo cha tone ndicho kitakachomwaga maji. Maji hujikusanya kuwa kuba inayozidi ukingo wa sarafu, kisha tone moja la ziada huiporomosha. Kwa sarafu yenye kipenyo cha sentimita 2.4 tarajia matone kati ya 20 na 40 ya maji safi, kulingana na dropa. Rudia mara tano kwa maji safi. Halafu rudia mara tano kwa maji yaliyotiwa tone moja la sabuni kwa kila mililita 100, yakorogwe bila kutoa povu.

Kuna mtego hapa ambao maelekezo mengi huupita. Ukubwa wa tone linalodondoka kwenye dropa nao hutegemea mvutano wa uso. Tone la maji ya sabuni ni dogo kuliko la maji safi, kwa dropa ile ile. Ukihesabu matone tu, unalinganisha vitu visivyolingana, na tofauti itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Tiba ni rahisi: tumia sirinji ya mililita 2 isiyo na sindano, soma mililita badala ya kuhesabu. Au weka sarafu juu ya mzani wenye usahihi wa gramu 0.1, uandike uzito kabla kuba haijaporomoka. Gramu moja ya maji ni mililita moja, basi hesabu imekwisha.

Makosa mengine ni madogo. Usichanganye upande wa sarafu wenye sura na ule wenye namba katika mfululizo mmoja. Usilete sarafu iliyokwaruzwa ukingoni, kwa maana maji hupata njia ya kuteremka pale. Na ukianza na sabuni kisha urudi kwenye maji safi kwa dropa ile ile, takwimu zako zote za baadaye ni za kutupa.

Ukiwa na spiriti ya kusafishia vidonda, ipime pia, mbali na moto. Haifanyi kuba ya maana.

Glasi iliyojaa kupita ukingo

Ni jaribio la sarafu kwa chombo kikubwa, ila badala ya kuongeza maji unaongeza vitu vizito. Jaza glasi yenye ukingo mkavu hadi maji yawe sawa na mdomo wake, kisha tumbukiza klipu au sarafu moja moja, ukingo wake ukitangulia, katikati ya glasi. Kuba hufikia milimita 2 hadi 3 kabla ya kumwagika.

Chagua glasi kwa hesabu, usikisie. Glasi yenye kipenyo cha sentimita 7 ina nafasi ya mililita 8 hadi 11 juu ya ukingo. Klipu ya gramu 0.5 huchukua mililita 0.06 tu, kwa hiyo utahitaji zaidi ya mia moja, na watazamaji watakuwa wamechoka. Tumia glasi nyembamba ya sentimita 4, ambayo huisha kwa klipu 50 hivi. Katika ile pana tumia sarafu za chuma za gramu 5: kumi na kitu zinatosha. Mwombe kila mtu abashiri idadi kabla hujaanza. Karibu wote hutaja namba ndogo mno, na hiyo ndiyo raha yenyewe ya jaribio hili. Maji yakishapata njia upande wa nje wa glasi, kausha ukingo na uanze upya. Hakuna namna ya kuokoa.

Kitanzi cha uzi: halijulikani sana, lakini lina maelezo safi kuliko yote

Likiwekwa kando ya pilipili manga, wengi watachagua pilipili. Kwa anayeuliza “kwa nini”, ni heri uzi.

Funga sentimita 10 za uzi mwembamba wa pamba uwe kitanzi, ukate mikia ya fundo. Uloweshe kwanza ulainike, kisha ulaze juu ya maji safi ukiwa na umbo lolote la ovyo. Utakaa hivyo hivyo umepindapinda, kwa sababu maji ya ndani na ya nje ya kitanzi yanauvuta sawasawa. Gusa maji ya ndani kwa kijiti chenye sabuni kidogo. Kitanzi kinaruka na kuwa duara kamili, kipenyo cha sentimita 3 hivi.

Hakuna pa kujificha katika maelezo yake. Ndani mvutano umeshuka, nje umebaki 72 na ushei, na nje inavuta kwa nguvu ile ile kila upande. Umbo pekee linaloridhisha mvuto sawa wa pande zote ni duara. Likiwa yai badala ya duara, uzi ni mnene au umekauka katikati. Uzi wa nailoni hukumbuka mikunjo ya kibiringo chake na haufai.

Pilipili manga

Kwa kundi kubwa na dakika mbili, hili halina mpinzani. Sahani ya sentimita 20 hadi 25, maji ya kina cha nusu sentimita, robo kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, iliyonyunyizwa kutoka juu itawanyike. Gusa katikati kwa kijiti kikavu kwanza, ili ionekane kwamba kijiti chenyewe hakifanyi kitu. Kisha kwa kijiti chenye sabuni.

Usiseme kwamba pilipili inaikimbia sabuni. Pilipili ni kionyeshi tu. Sabuni imepunguza mvutano katikati, maji ya ukingoni yenye mvutano mkubwa yanauvuta uso kuelekea kwao, na pilipili inabebwa. Mwendo wa namna hii huitwa athari ya Marangoni, kwa jina la mwanafizikia wa Italia, Carlo Marangoni. Baadhi ya punje huzama kwa sababu sasa zinaloweshwa, kama sindano.

Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi mara moja. Uso wote ukishapata sabuni hakuna tofauti iliyobaki, na kuongeza tone la pili hakubadili kitu. Andaa sahani tatu mapema badala ya kukimbilia bomba katikati ya maelezo. Na mikono ioshwe kabla ya kugusa macho.

Mashua ya sabuni

Kata mashua ya sentimita 4 au 5 kutoka kwenye plastiki nyembamba ya chupa (kadibodi hulowa na kupinda), uichonge pengo la milimita 5 nyuma, na udondoshee sabuni kidogo ndani ya pengo ikiwa juu ya maji. Nguvu inayoisukuma ni ndogo mno, kama milinyutoni 0.2, sawa na uzito wa miligramu 20, lakini juu ya maji hakuna kikubwa cha kuizuia. Trei iwe na urefu wa sentimita 30 au zaidi. Kwenye bakuli dogo mashua hukwama kabla haijaanza.

Maziwa yenye rangi

Maziwa yenye mafuta, yaliyokaa nje ya friji hadi yakawa na joto la chumba, yamwagwe kwenye sahani kufunika sakafu yake. Dondoshea rangi za chakula matone matatu au manne karibu na katikati, gusa kwa kijiti chenye pamba kilichochovywa sabuni, ukishikilie sekunde kumi. Rangi huzunguka na kujikunja kwa muda mrefu, tofauti na pilipili inayomaliza mara moja.

Muda huo mrefu ndio unaoleta utata. Mvutano wa uso wa maziwa tayari ni mdogo kuliko wa maji, na sabuni haibadilishi uso peke yake. Inashughulika pia na matone ya mafuta yaliyomo ndani. Ni mambo mawili kwa pamoja, na huwezi kuyatenganisha kwenye sahani. Kwa watoto wa umri wa chekechea ni chaguo zuri kabisa. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kuandika hitimisho, epuka.

Ambayo hayakuingia

Glasi ya maji iliyofunikwa kwa karatasi ngumu na kupinduliwa hutajwa mara kwa mara katika orodha hizi, lakini somo lake kubwa ni shinikizo la hewa. Ukifunika mtungi kwa chachi yenye matundu ya milimita 1 hadi 2 unakaribia zaidi mada, kwa kuwa ni mvutano unaozuia hewa kupenya kwenye kila tundu. Hata hivyo, bado hewa ndiyo inayobeba maji, na utatumia muda mwingi kutenganisha mambo hayo mawili.

Ukifanya kadhaa kwa kikao kimoja

Panga yasiyo na sabuni mbele: sindano, glasi, sarafu kwa maji safi. Kisha sarafu kwa maji ya sabuni, uzi, pilipili, mashua, na maziwa mwisho. Kijiti cha sabuni kikae kwenye kisahani chake, mtu mmoja tu akishike, na asiguse chombo kingine chochote. Sindano ikishazama kwa sabuni, usihangaike kuirudisha juu ndani ya maji hayo. Isuuze, ikaushe, na ubadilishe bakuli.